Mabati ya Pikapu

Pale Awendo, kwenye nyumba za kupanga nyuma ya soko, kulikuwa na pikapu ambayo watu waliijua kuliko walivyomjua mwenyewe. Zamani ilikuwa nyeupe. Mwenyewe aliitwa Levis Okumbe, mtu wa miaka hamsini na miwili, mrefu, mkimya, mchuuzi wa omena, wale dagaa wa ziwani. Lakini ukimya huo ulikuwa wa mambo mengine. Ole wako umuulize kuhusu pikapu! Angekuonyesha bolti moja moja mpaka chai yako ipoe.

Na alikuwa na haki ya kujivuna, tusimnyime. Aliinunua ikiwa mifupa mitupu, na kila kilichoongezwa alikiongeza kwa mikono yake, kwa vitu ambavyo wenzake walitupa. Sakafu ya nyuma aliitandika raba nzito iliyowahi kuwa mkanda wa mashine. Aliikata kwa kisu cha jikoni huku akiimwagia maji ya sabuni kisu kisikwame, na tangu hapo magunia hayakuteleza wala bati halikuliwa na kutu. Springi za nyuma zilipolala kwa uzito hakutafuta mpya. Alipata jani moja la springi ya lori lililokufa, akalipachika chini ya mengine, na pikapu ikainua mgongo. Halafu akaijengea kibanda: fremu ya vyuma, mbao ubavuni kwa chini, mabati ubavuni kwa juu na paani, dirisha dogo la kusukuma ili omena ipate hewa, mlango wa nyuma wenye bawaba za lango kuukuu. Juu ya paa alifunga bomba nene la plastiki, akaliziba pande zote mbili, akalipaka rangi nyeusi na kulitia mfereji. Jua la Muhuru Bay, ziwani alikonunua omena, likilichoma tangu asubuhi, mchana maji yanatoka ya moto, unanawa harufu ya omena kabla ya kushika usukani. Hilo bomba watu walilipiga picha.

Mkewe Roseline ndiye aliyeshikilia upande wa pili wa kila kitu. Levis akipitisha bolti kutoka juu, Roseline yuko chini na spana, anaizuia nati isizunguke. Alizaliwa kisiwani Takawiri, na mumewe hakumwita kwa jina jingine ila Nyar Takawiri, yaani binti wa Takawiri. Omena aliijua kwa kuishika tu: hii imenyeshewa, hii ina mchanga, hii tuchukue. Kila asubuhi ya safari aliigonga pikapu kwenye boneti na kuiamkia, "Nyieka, umeamkaje?" Nyieka kwa Kijaluo ni mke mwenza. Majirani walicheka, na Levis mwenyewe alicheka.

Mzaha huo ulikuwa na jambo ndani yake. Kwao Levis, nje kidogo ya Muhuru Bay, hakukuwa na nyumba yake. Kibanda chake cha ujanani kiliangushwa na mchwa, na kwa miaka kumi na tisa yeye na mkewe walikuwa wapangaji Awendo. Wakienda nyumbani kwa sikukuu walilala sebuleni kwa kaka yake mkubwa, Nicholas, kama wageni. Roseline hakuwa mtu wa kelele. Aliuliza kama mara moja kwa mwaka, Krismasi ikishapita, na Levis alijibu kwamba mwaka huu watajenga, kibanda cha pikapu kikimalizika. Mwaka huu, springi zikikaa sawa. Hakuwa akidanganya, na hilo ndilo linaloniudhi. Kila mara alimaanisha, na kila mara pikapu ilikuwa imebakiza kitu kimoja tu. Mwaka wa mwisho kilichobaki kilikuwa ngazi ya kupandia nyuma, ambayo alimtengenezea Roseline kwa sababu magoti yalikuwa yameanza kumsumbua. Roseline aliifurahia. Aliipanda mara nne.

Jumamosi presha ilimwangusha sokoni, gorogoro la kupimia omena likiwa mkononi. Wakamkimbiza hospitalini Migori, na Jumanne mchana akafariki. Levis alikuwa ameambiwa asubiri nje, na kwa kuwa mikono yake haikujua kusubiri, alikuwa akikaza nati ya ile ngazi. Binti yao Cate, anayefundisha chekechea Homa Bay, ndiye aliyetoka kumwambia. Levis alimsikiliza, akaitikia, akamalizia kukaza ile nati. Si kwamba hakumpenda mkewe. Alikufa ganzi mwili mzima, kama mguu uliokaliwa vibaya. Akangoja uchungu uje, akaona hauji, na jambo hilo likamtisha.

Jumatano walikwenda kwa fundi wa majeneza, yeye na Cate. Fundi aliuliza swali la kawaida kabisa, marehemu alikuwa na urefu gani. Sasa, Levis angekutajia inchi za kila bawaba kwenye pikapu ile, lakini urefu wa mkewe hakuujua. Alisimama pale akitazama maranda miguuni. Cate alitaka kumsaidia, naye akamwonyesha mkono angoje.

"Akilala nyuma ya pikapu," alisema mwishowe, "kichwa kwenye kebini, miguuni inabaki nafasi ya mtungi wa lita tano, ukilazwa."

Fundi alidhani ni utani, akangoja kicheko. Alipoona hakuna, alichukua futi yake, akatoka nje, akapima sakafu ya pikapu, akatoa nafasi ya mtungi, akaandika. Maana kweli Roseline alikuwa akilala pale kila waliporudi kutoka ziwani, juu ya magunia matupu, mlango umefungwa ili vumbi lisiingie. Cate aligeukia ukuta akalia. Levis alimtazama binti yake akilia na akamwonea wivu.

Alhamisi alfajiri Nicholas aliwakusanya watu wa ukoo kwake, chai ikaletwa, mambo yakapangwa. Mazishi ni Jumamosi. Mwili utachukuliwa Ijumaa. Wakwe watavuka kutoka Takawiri kwa boti na kuletwa kwa gari. Yote hayo yalikwisha upesi, kisha Nicholas akatazama kikombe chake, akakohoa, akasema lile lililokuwa kwenye kila kichwa pale ndani.

"Levis, Nyar Takawiri hana mahali pa kuingia."

Hapo lazima uelewe desturi yao. Mke aliyeolewa huletwa kwenye nyumba ya mumewe, hulala humo usiku wake wa mwisho, na huzikwa kando yake, upande wa kushoto. Pasipo nyumba hapana upande. Kumzika ubavuni mwa nyumba ya shemeji yake ni kumzika kama mpita njia, na wakwe wangeliona hilo kabla hata hawajashuka garini. Nicholas hakuwa mtu mbaya, na alikuwa ameshatafuta njia. Kulikuwa na bwana mmoja pale senta aliyeazimisha mabati na nguzo kwa shida kama hizi. Yanasimamishwa Alhamisi, yanarudishwa Jumanne. Watu wengi hufanya hivyo siku hizi, alisema, na hakuna anayeuliza.

"Hapana," Levis akasema. "Miaka yote hiyo amelala kwa watu. Hatalala chini ya mabati ya kuazima."

Nicholas akamuuliza atatoa wapi nyumba. Levis aliinuka. Alitoka nje, akafungua sanduku la vyombo lililokuwa nyuma ya kiti cha pikapu, akachukua spana namba kumi na tatu, akaanza na bolti ya kona ya kushoto.

Watu walitoka na vikombe vyao kutazama. Hakuna aliyeelewa mpaka bati la kwanza liliposhuka. Bolti zile zilikuwa za miaka, na ukizungusha juu nati nayo inazunguka chini. Levis aliegemea paa, akabana spana, akasema, "Shikilia hapo." Akangoja. Akasema tena, "Shikilia," halafu akakumbuka. Hakulia hata hapo, ndugu zangu. Alisimama tu na spana yake, akitafuta namna ya kufika juu na chini kwa mkono mmoja. Nicholas, mzee wa kanisa, shati jeupe, aliweka kikombe chini, akajilaza mavumbini, akaingia chini ya pikapu na kuishika ile nati.

Basi wakafungua kila kitu. Jirani mmoja Mkuria, Werema, alileta nguzo nne za mkaratusi kutoka shambani kwake. Nicholas, kwa kuwa ndiye mkubwa, alichimba shimo la kwanza. Mbao za ubavuni mwa pikapu zikawa ukuta wa chini, kibanda cha mabati kikapandishwa juu yake, na wanawake wakaja na udongo wakaziba nyufa. Ile raba ikatandikwa sakafuni. Mlango ukarudi na bawaba zake, dirisha likakaa mahali pake. Levis alipoanza kulipandisha bomba jeusi paani, Werema alishindwa kujizuia, akauliza nyumba hii ina gia ngapi. Watu walicheka, maana matangani watu hucheka, na Levis akatabasamu kwa mdomo tu. Aliendelea kupima na kukaza. Mikono ilifanya kazi yake vizuri kama siku zote, na yeye alikuwa mbali nayo, akiitazama kama mikono ya mtu mwingine.

Jua lilipokuwa likizama upande wa ziwa, nyumba ilikuwa imesimama. Ilikuwa ndogo, futi sita na kitu kwa tano, ya kuingia jeneza na kiti na mtu mmoja kwenye kiti. Lakini haikuyumba, na ilikuwa yake. Nicholas aliizunguka, akasukuma nguzo kwa bega, akasema sasa shemeji yetu anaweza kuja.

Ijumaa walimfuata. Nicholas aliendesha, kwa sababu haikufaa mfiwa ashike usukani. Levis alikaa nyuma, kwenye bati tupu, jua kichwani, mkono mmoja juu ya jeneza ili lisiteleze. Barabara ya kutoka Migori ina matuta yake, na kwenye kila tuta alilikandamiza kidogo. Wanawake waliimba kwenye gari la nyuma. Walipofika, jeneza liliingia mlangoni bila kugusa popote, na mashemeji na wajukuu wa ukoo walipita wakainama kwenye mlango ule mfupi mmoja baada ya mwingine. Roseline alikuwa ameingia kwake.

Jumamosi yote ilikwenda kama ilivyopangwa. Mchungaji alihubiri, Cate alisoma maisha ya mama yake bila kukatika sauti, wakwe walizungumza kwa heshima. Levis alirusha udongo zamu yake ilipofika. Aliona kwamba kingo za kaburi zimechimbwa wima na sawasawa, akaridhika nazo, kisha akajishangaa kwa kuridhika. Watu walimshika mkono na kumwambia jikaze. Alijikaza bila shida, kwa kuwa hakukuwa na kitu cha kujikazia. Alianza kuamini kwamba atakuwa hivi maisha yake yote, na akaliona hilo kuwa ni sawa tu.

Wageni walipokuwa wakila, aliingia ndani ya ile nyumba apumzike. Akafuatwa na Frankline, kaka yake Roseline, anayeunda boti Takawiri. Mtu wa mbao na misumari haingii mahali bila kupapasa, na Frankline alipapasa. Alipitisha kidole kwenye kiungo cha mbao na bati. Alilisukuma dirisha, likaenda, akalirudisha. Aliinama akatazama vile nguzo zilivyobanwa, akaufungua mlango na kuufunga, na mlango haukulia. Alikuwa amemzika dada yake saa moja iliyopita, na nadhani alifurahi kupata kitu cha kutazama kisichokuwa kifo.

"Kazi safi, shemeji," alisema, na alisema kwa moyo mweupe, hakuwa na hila yoyote. "Hii ilikuchukua muda gani?"

"Siku moja," Levis akajibu upesi, kama fundi anavyomjibu fundi mwenzake.

Frankline alitazama nje mlangoni, ambako udongo wa kaburi ulikuwa bado mbichi, umbali wa hatua tatu upande wa kushoto. Akaitikia kwa kichwa polepole, akatoka.

Levis alibaki amesimama. Kisha akaenda chini pale pale kwenye raba, na sauti iliyomtoka iliwafanya watu waache sahani zao. Nicholas alikuja mbio, akamshika mabega, akamuuliza ni nini, amesemwa nini, nani amemuudhi. Levis alimng'ang'ania shati na hakuweza kumwambia ila hilo moja, tena na tena, kwamba ilikuwa siku moja tu, ndugu yangu, ilikuwa kazi ya siku moja tu.