Kibla ya Kanisani Kwetu

Mimi ni mdaku, sikatai. Mama yangu kule Meru alikuwa akisema pua yangu ilitangulia kuzaliwa, mwili ukafuata. Kwa hiyo mchungaji wetu mpya aliponiomba mimi, mwalimu wa shule, nisimulie historia ya kanisa siku ya sherehe ya ukumbusho, alikuwa amemtupia fisi mfupa.

Kanisa letu la Kimethodisti liko Kililana, na lilianzishwa na watu wa kwetu waliokuja huku kulima. Ni dogo: kuta za mawe ya matumbawe, paa la mabati, mabenchi yenye misumari inayopenda nguo za watu. Ukuta wa mbele, upande wa kaskazini, una shubaka refu lenye tao juu, la kumtosha mtu mmoja kusimama. Humo ndimo wahubiri wetu wote wamesimama tangu mwanzo. Mchungaji, ambaye Mungu amemjalia mwili, hakulipenda. Alitaka ukuta ule ubomolewe baada ya sherehe, kanisa lirefushwe kwa matofali.

"Shimo gani hili la kunibana mabega?" alisema, nasi tukacheka.

Historia yenyewe kila mtu alikuwa nayo mdomoni. Kanisa lilijengwa na mhubiri wa kwanza, marehemu, kwa mikono yake mwenyewe. Mjane wake bado tunaye; tunamwita Nyanya, na hukaa benchi la mbele. Kila mwaka mumewe husifiwa, watu hupiga makofi, naye Nyanya huinamisha kichwa. Sisi tulidhani ni unyenyekevu.

Mimi nikawaza: mtu aliyekulia kwenye mahindi na maharagwe kule mlimani, kuchoma chokaa na kupanga matumbawe alijifunzia wapi? Nikamfuata Nyanya nyumbani kwake.

"Nyanya, hebu nisimulie kanisa lilivyojengwa."

"Lilijengwa, likasimama. Kwani wewe hulioni?"

"Naliona. Lakini mumeo alifundishwa na nani?"

Akanipa mgongo, akachochea moto. "Mwalimu, ninachokumbuka ni kimoja. Wakati wa kujenga, mwezi mzima nilimfungia githeri ya mchana, mahindi na maharagwe yetu ya kuchemsha, na mwezi mzima aliirudisha vilevile. Hata kifuniko hakufungua! Niligomba, nikanuna, yeye kimya. Mpaka amekufa hakuniambia chakula changu kilikuwa na kosa gani. Kawasimulie hilo."

Nilitoka pale nimekasirika. Nimeuliza mawe, nikajibiwa maharagwe.

Jibu lilikuja lenyewe, siku mwenzetu wa shuleni alipofunga ndoa pale kanisani. Walimu wote tulialikwa, pamoja na ustadhi wetu, kijana wa Siyu anayefundisha dini ya Kiislamu. Alifika mlangoni, akatazama mbele, akasimama kama aliyesahau alikokuwa akienda.

"Lahaula! Bi Mwalimu, nyinyi mna kibla!"

"Kibla gani tena, Ustadhi?"

Akanivuta pembeni, akanieleza. Msikitini, shubaka kama lile ni mahali pa imamu, humwonyesha Makka iliko, na kutoka huku kwetu Makka iko kaskazini. Hata tao lake ni la mafundi wa kwao. "Huyu fundi aliambiwa ajenge pa kusimama kiongozi wa sala," alisema, "naye akajenga anapopajua. Ngoja niulizie nyumbani."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Wamethodisti wazima, vitabu vya nyimbo mkononi, Jumapili zote hizo tunahubiriwa kutoka kwenye kibla!

Nikakimbia kwa Nyanya na habari yangu moto moto. Hakucheka. Alikaa chini taratibu, akaniuliza nimemwambia nani mwingine. Ndipo akanifungulia, kwa kuwa nusu ya siri nilikuwa nayo tayari.

Mumewe alianza kujenga mwenyewe, kweli. Lakini alichanganya chokaa na mchanga wa pwani bila kuuosha, chumvi ikala kazi yote, na masika ilipokuja ukuta ukalala chini. Fundi mwashi wa Siyu, aliyekuwa na kazi karibu na hapo, akamwonea huruma, akaja kuujenga upya. Aliomba jambo moja tu: asitajwe. Alikuwa akila kwa kujenga misikiti, na ndimi za watu angeziweza wapi? Mume na mke wakashika Biblia, wakaapa.

"Kila akisifiwa, mume wangu alirudi nyumbani akashindwa kulala," alisema Nyanya. "Alikuwa akiniambia, wananivisha kanzu ya mtu. Sasa wanataka kuubomoa, nami siwezi kuutetea bila kuvunja kiapo. Nikinyamaza, nitakufa na uongo na ukuta wenyewe haupo. Niambie wewe mwenye pua ndefu, nifanye nini?"

Nilikwenda mbio kumwomba ustadhi asiulize kitu huko kwao. Akakuna kichwa, akasema ameshauliza, na fundi ameshapatikana. Ni mzee sana, lakini yu hai. Amesikia habari ya kubomoa, na amesema atakuja mwenyewe.

Jumapili ya sherehe nilisimama mbele na historia yangu nusu. Kabla sijafungua mdomo, watu wakageuka. Mzee amefika mlangoni, ustadhi amemshika mkono. Akavua viatu. Akapita katikati ya mabenchi bila haraka, akafika kwenye shubaka, akapitisha kiganja kwenye tao.

"Kazi hii ni yangu," alisema kwa lahaja ya kwao Siyu. "Nilitaka siri, na siri mlinitundia. Yeo wa kunisema wametangulia mbele ya haki. Nasikia mwataka kuuvunda. Uvundeni mkipenda, lakini mjue ni wa nani."

Mchungaji, Mungu ambariki, hakujikanyaga. Alisema kanisa litarefushwa upande wa kusini, na yeye mabega yake atayakunja. Watu wakapiga vigelegele.

Nyanya peke yake hakushangilia. Alikuwa amesimama, ameshika benchi.

"Basi mume wangu hakufanya lolote," alisema, na sauti ilikuwa ndogo sana.

Mzee akamgeukia. "Nani kasema, Bi? Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, jua kali, mimi nimefunga. Mumeo alinitekea maji ya chokaa, akanibebea mawe, na mtana hakutia kitu kinywani, hata siku moya. Nikimwambia, kula bwana, wewe huna saumu, husema hawezi kutafuna mbele yangu. Kulikuwa na chakula chake, huwekwa pale kivulini, kimefungwa. Jioni hurudi nacho."

Nyanya alikaa, akavua kitambaa chake cha kichwa, akakiweka mapajani, akawa anakikunja na kukikunjua.

"Githeri yangu," alisema. Machozi yalikuwa yakimtoka, naye anacheka. "Mjinga yule! Si angeniambia tu? Ningefunga naye."