Baba Apakwa Piko Mchana Kweupe

Nina saluni ndogo Muyeye, na watu hudhani naishi kwa mabibi harusi. Hata! Mabibi harusi ni wa msimu. Wanaonijia mwaka mzima ni wazee wa mashambani, kutoka Kakuyuni na Ganze, watu wazima wenye wajukuu, na wote wanataka piko, ile rangi nyeusi ya nywele. Si kwamba wanataka kupendeza. Huko kwetu mzee akiwa na mvi, na mtoto wa jirani akaugua, watu huanza kumtazama vibaya, na wakishamtazama vya kutosha humfuata nyumbani na mapanga. Kwa hiyo wazee hukaa kwenye kiti changu, husema, "Mwanangu, nirudishe nyuma kidogo," nami huwarudisha.

Baba yangu alikuwa chifu huko Ganze, na katika jambo hili alikuwa mkaidi ajabu. Kila baraza, akishamaliza habari za maji na za watoto kupelekwa shule, alivua kofia yake ya serikali na kuinamisha kichwa, cheupe pe, ili kila mtu akione. "Mvi si uchawi," alisema. "Mimi hapa ninazo. Nani ana neno?" Hakuna aliyekuwa na neno. Nyuma yake walisimama askari wawili wenye bunduki, nami kwa usichana wangu niliamini watu wameshindwa na hoja.

Wazee waliotishiwa kuuawa walikimbilia kwetu, wakalala jikoni mpaka baba awapatanishe na watoto wao. Jikoni kwetu hapakukosekana mchawi. Mama aliwapikia sima na mchicha, akalalamika kwamba kwa wachawi wote hao aliowalisha, hakupatikana hata mmoja wa kuleta mvua.

Kisha baba akastaafu. Serikali ikachukua kofia, ikachukua mkanda, ikachukua askari. Ikamwachia nywele.

Haukupita muda mrefu, kwa baba mkubwa kukatokea msiba. Baba mkubwa ni kakake baba, boma lake limepakana na letu. Mjukuu wake mdogo alishikwa na homa akafa. Baba wa yule mtoto ni binamu yangu, tumekula sahani moja tangu utotoni. Matangani alisimama mbele ya watu wote akasema, "Kofia imeondoka. Sasa tumeona kilichokuwa chini yake." Hakumtaja mtu. Watu wakageuka wakamtazama baba.

Asubuhi yake mama akapanda kilimani, akanipigia simu. "Njoo na vitu vyako vya kazi." Sikuuliza vitu gani. Niliogopa, na mimi nikiogopa huwa mkali, kwa hiyo nilimgombeza mwenye bodaboda njia nzima, maskini, na wala hakunikosea kitu.

Baba nilimkuta uani. Nikamwamkia, akaitikia, akaona mfuko wangu.

"Sipakwi," akasema. "Miaka yote hiyo nimewaambia watu, leo nijipake mwenyewe? Nitasema nini?"

"Hutasema kitu, utakuwa umekufa," mama akamjibu huku akichambua mchicha. "Nami nitakuwa mjane wa mtu mwenye msimamo. Siutaki mimi ujane huo."

"Baba," nikamwambia, "hao wazee wako walikuwa wakikupigia makofi barazani, halafu wanapanda gari kuja kwangu Muyeye. Wote. Hakuna aliyewahi kukuamini."

Lo! Nilitamani kuumeza ulimi wangu. Hakuwa anajua. Aliweka mikono juu ya magoti, nami nikaona kwa mara ya kwanza kwamba ni mzee kweli. Nilimhurumia hadi nikakosa pa kutazama. Kisha akasema, "Waite watu."

Chifu mstaafu hana ruhusa ya kuita baraza, lakini watu walikuja, wengine na magunia kabisa, wakidhani kuna chakula cha msaada. Binamu yangu akaja akasimama kando ya ua. Baba mkubwa akaja na mkongojo wake. Baba alikaa kwenye kiti katikati ya uwanja, jua la saa sita utosini, kanga ya mama mabegani.

"Niliwaambia mvi si uchawi, na neno langu ni lile lile," akasema. "Leo napakwa piko kwa sababu nawaogopa. Siogopi majini. Nawaogopa ninyi. Mwanangu, anza."

Nikaanza. Nilifanya haraka, nikampaka mpaka masikio. Mwanamke mmoja alitaka kucheka, akajikohoza. Binamu yangu alitoa simu akawa anaisoma, na pale kwetu mtandao haupatikani mpaka upande kilimani. Aliisoma hivyo hivyo mpaka nikamaliza.

Baba aliinuka, akaniambia ahsante kama mteja yeyote, akaingia ndani. Nikaanza kukusanya vitu vyangu. Hapo baba mkubwa akaja polepole, akaegemeza mkongojo, akaketi kwenye kile kiti, akavua kofia yake, na chini yake mvi tupu.

"Na mimi, mwanangu."

Binamu yangu akaita kutoka kule kando ya ua, "Ala! Baba, wewe wa nini? Nani atakugusa wewe?"

Baba mkubwa alinigeukia mimi, akaniuliza kwa sauti ya kawaida, kila mtu akisikia, "Hii hukaa mpaka lini?"

"Mpaka nywele mpya ziote, baba mkubwa."

Akamtazama mwanawe. "Basi uje kabla hazijaota," akaniambia.