Shokapu za Kang Ngadiman

Ukimpelekea Pak Sarwoko pikipiki yenye pancha, atakuonyesha fundi wa jirani. Injini hakuzigusa, mnyororo hakuutazama. Miaka ishirini na sita pale mjini Wonosobo alikuwa fundi wa shokapu za mbele tu, na wanaopanda milima ya Dieng na mizigo walimvumilia pamoja na kiburi chake.

Sharti lake ni kwamba mteja aje kama anavyosafiri, koti mwilini, mboga matengani. Sarwoko huvisha mguu wa shokapu kipete cha mpira, mteja hukaa, shokapu hubonyea, na kipete husukumwa juu. Akishashuka, fundi hupima kimekwenda umbali gani, kisha huandika kwa chaki nyuma ya mlango. Aliujua uzito wa mji mzima na hakuwahi kumtajia mtu.

Jumatatu moja Ngadiman, muuza mboga na rafiki yake tangu shuleni, alifika amenuna.

"Kang, kaka yangu, umenitilia sarafu."

Hilo lilikuwa tusi. Kule, fundi mvivu akitaka shokapu iwe ngumu hushindilia sarafu za zamani juu ya springi, na Sarwoko aliwaweka mafundi hao fungu moja na wezi wa kuku.

"Nani kakwambia?"

"Mabega yangu. Kila shimo nalipata mimi. Juzi juzi tu zilikuwa laini kama godoro."

Sarwoko alifungua shokapu zote mbili mbele yake. Sarafu hamna. Springi zilikuwa zile zile, oili kiasi kile kile. Akafunga.

"Kaa."

Ngadiman akakaa na matenga yake mawili ya kabichi, kama siku zote. Sarwoko akapima, akaenda nyuma ya mlango, akarudi, akapima tena. Milimita thelathini na nane zilikuwa zimebaki thelathini.

"Shokapu nzima," akasema.

"Kwa hiyo mbovu ni mimi?"

Sarwoko akautazama mkanda wa rafiki yake. Ulikuwa na matundu mawili mapya, yametobolewa kwa msumari. Akaingiwa na hofu.

"Maji unakunywa?"

"Kama ng'ombe. Na usiku kucha ni mimi na choo."

"Ya choo sijauliza."

"Basi zilegeze, Kang, watu wanangoja kabichi."

"Silegezi. Leo nilegeze, mwezi ujao nilegeze tena, mwisho nitakuwa naitengenezea kabichi peke yake."

Mficha maradhi kifo humuumbua. Ngadiman alikuwa ameumbuliwa na pikipiki, ambayo ni nafuu. Sarwoko alifunga karakana, akapanda nyuma juu ya matenga, wakaenda zahanati.

"Unaona," Ngadiman akasema njiani, "sasa zimekaa sawa."

Ilikuwa sukari. Akapewa dawa, akakatazwa chai tamu, akalalamika zaidi kuhusu chai. Mizani ya zahanati hakuiamini. Kila Jumatatu alikuja na matenga yake mawili kukalia pikipiki, na Sarwoko akaandika: thelathini, ishirini na tisa, thelathini, thelathini na moja.

Mwezi wa nane wa dawa kipete kilifika thelathini na sita. Sarwoko akaandika, akabaki ameuelekea mlango.

"Vipi, Kang?"

"Shokapu zako zimeanza kulegea," akasema, na hakugeuka mpaka macho yalipokauka.