Mstari Mmoja Kuhusu Sisi

Kitabu cha historia ya kanisa letu kilipotoka, nilikifungua kuanzia nyuma, kwa kuwa sisi Wakongo ndio tuliofika mwisho. Nilikuta mstari mmoja: siku hizi jengo hutumiwa pia na wageni kutoka Kongo.

Aliyekiandika ni mzee ambaye babu yake alikuwa miongoni mwa Wajerumani waliolijenga. Alipokuwa akikiandaa, alikuja kwangu mtaani Berea alasiri mbili, akakaa kando ya cherehani yangu, nikamweleza yote. Jinsi tulivyoanzisha ibada ya Kiswahili wakati Wajerumani waliobaki hawajazi hata mabenchi mawili. Jinsi waume zetu walivyopanda kuziba paa. Jinsi mjane mmoja wa Kijerumani alivyougua, wanawe wote wako ng'ambo, nasi wanawake wa kwaya tukapokezana kumwogesha na kumlisha hadi tukamzika. Mzee aliandika kila neno daftarini. Hata chai yangu aliisifu.

Jumapili ya kuzindua kitabu, alipomaliza kuhutubia, nilisimama.

"Mzee, babu yako alikuja kwa meli, unamwita mwanzilishi. Mimi nilikuja kwa basi, nina miaka kumi na tisa humu ndani. Mbona bado ni mgeni?"

Akajibu kwa upole, "Mama, hii ni historia ya waanzilishi. Lakini tunaweza kuchomeka karatasi kitabuni."

"Karatasi hudondoka," nikamwambia.

Walionichoma zaidi ni Wakongo wenzetu. Nje, mzee wa kanisa wa upande wetu, mtu niliyemshonea suti ya harusi, alinivuta pembeni.

"Dada, nenda ukaombe radhi. Wakitufungia mlango, tutasali wapi?"

Nikamjibu kwamba nimeomba radhi mpakani, nimeomba radhi kwenye foleni za vibali, namwomba radhi mwenye nyumba kila mwezi. Kanisani siombi.

Wiki ile niliandika kurasa nne kwa Kiswahili, na Jumapili nikazisoma ibadani bila kumwomba mtu ruhusa. Nilipofika kwa yule mjane, wanakwaya walilia. Mzee wa kanisa alitazama sakafu. Binti yangu, ambaye huelewa Kiswahili lakini hunijibu kwa Kizulu, alizitafsiri kwa Kiingereza, tukampelekea mwenye kitabu.

Hajajibu mpaka leo. Kitabu chake kinauzwa mlangoni. Kila Jumapili nakipita na hasira ileile, naingia, nakaa benchi la mbele.