Kikohozi cha Tata

Kosa ni langu mimi, msomaji mwenzangu, na nilikosa nikiwa na akili zangu zote, na masomo juu yake! Wamisionari walinifundisha kuandika vizuri. Siku ya kufundishwa huruma nadhani sikuhudhuria.

Mimi ni mtu wa ndani. Kwangu watu wawili ni mkutano. Nilijenga nyumba kubwa hapa Mwaya nipate kona ya kukaa peke yangu. Mke wangu akanizoea, tukaishi kimya kama vyungu viwili vilivyofunikwa.

Ndipo Wadachi wakaleta kodi ya nyumba. Mdogo wangu Ambakisye akabomoa yake, akahamia kwangu, eti nyumba moja, kodi moja. Alikuja na mkewe Tumpe, kitoto kichanga, na kuku. Tumpe alicheka hata akipepeta mpunga. Mke wangu naye akaanza kucheka. Nikaona nyumba inanikimbia nami nimo ndani.

Kumfukuza ndugu sikuthubutu. Mpole kama mimi! Nikamwita Tata, baba yetu, atoke Makwale kwenye kijiji cha wazee, aje tumtunze.

Desturi yetu, kama huijui, mke haonani na baba mkwe wake. Akimsikia tu, hutoka akajifiche. Na Tata, kwa heshima yake, hukohoa kabla ya kuingia. Akikohoa, Tumpe huyoo, mlango wa nyuma, mtoto kifuani, mpaka migombani. Mke wangu nyuma yake. Nilijua naye atakimbia. Nikasema moyoni, atazoea.

Ulikuwa msimu wa mvua, na mvua ya kwetu haiulizi nani ana mtoto. Nikamwekea Tata kigoda karibu na moto, nikamsihi asibanduke. Machozi yakamlenga.

"Ndaga, asante, mwanangu. Nilidhani mmenisahau."

Mtoto naye akaanza kukohoa. Ambakisye akanijia taratibu, hana hata hasira.

"Kaka, mrudishe Tata siku chache tu. Mtoto kifua kimembana."

"Nimfukuze baba mzazi? Mwambie mkeo acheke, apate joto."

Tumpe hakucheka tena. Nikapata kimya changu, nikakifaidi!

Tulimzika yule mtoto kwenye tope. Tata alisimama mbali, wakwe zake wapate kulia kwa nafasi. Akaniuliza siku zote hizo walijificha wapi, maana alidhani nyuma kuna jiko. Jiko nilikuwa nimelibomoa mwenyewe, askari wa boma wasilihesabu kuwa nyumba ya pili. Nikanyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi ninayoiweza. Akaelewa.

"Kumbe hukumwita baba," akasema. "Uliita mbwa wa kufukuzia kuku."

Akarudi Makwale kwa miguu. Ambakisye na Tumpe wakaenda Ngonga kwa wazazi wa Tumpe. Mke wangu akabeba vyungu vyake akawafuata, wala hakuaga.

Askari alipokuja kwa kodi alinicheka, mtu mmoja kwa nyumba yote hii. Nikalipa.

Wewe unayependa utulivu kama mimi, ukitaka watu watoke, waambie kwa mdomo wako, wakutukane, yaishe. Usiifanye heshima ya watu kuwa fimbo ya kuwachapia.

Siku hizi nimeanza kukohoa mimi. Nikishakohoa hutega sikio kidogo, kama kuna anayekimbilia mlango wa nyuma.