Chumba cha Turubai cha Nev Pascoe

Nev Pascoe alikuwa na miaka sitini na sita siku alipopiga goti jikoni kwa Raelene Tonkin, na goti lenyewe lilikuwa lile bovu, lile ambalo nusu yake aliiacha mgodini. Kushuka alishuka vizuri. Kupanda ndiko kulikomshinda. Basi jibu la Raelene alilisikilizia pale pale sakafuni, ameshikilia mguu wa meza, huku tanuri likinukia pasti, zile sambusa kubwa za kuoka zenye nyama na viazi, ambazo mama yule alizioka kila Ijumaa kwa ajili ya nusu ya mji wa Broken Hill.

"Nakupenda, Nev," Raelene alisema, akijifuta unga mikononi. "Hilo usilitilie shaka. Lakini nakujua. Wewe huna nyumba, una gari."

"Nyumba ninayo."

"Unayo ya kuwekea vipuri. Sasa sikiliza. Marehemu Kelvin alinipeleka porini miaka thelathini na moja, chini ya turubai la bluu lililofungwa kwa kamba za kuanikia nguo. Nimekula nzi. Nimebadilisha nguo nyuma ya mti, lori la kondoo linapita, dereva ananipigia honi. Siku moja upepo ulilichukua turubai tukaenda kuliokota kwa jirani, na jirani yuko kilomita kumi na mbili. Kelvin nilimpenda, Mungu amlaze pema, lakini turubai lile nililichoma moto kesho yake baada ya mazishi."

"Kwa hiyo ni hapana?"

"Kwa hiyo ni hivi. Nipeleke mtoni siku tatu. Ukinipa chumba, Nev, chumba chenye kuta, nikakaa nikanywa chai kama binadamu, nikajifuta mwili na kuvaa nguo safi bila hadhara, nitaolewa nawe. Nikirudi na mchanga masikioni, tubaki marafiki. Haya, lete mkono nikuinue."

Nev alirudi nyumbani taa ya kukata kona ikiwaka mwendo mzima, na pale kwenye mzunguko wa barabara alizunguka mara tatu kwa sababu ya furaha tu. Mapenzi ni kikohozi. Kufika Jumatatu mji mzima ulikuwa unajua kwamba Pascoe anaoa, ila kwanza atafute kipenu, turubai la kutandazwa ubavuni mwa gari.

Kipenu cha gari kwa watu wa kule si jambo la mzaha. Mtu anaweza kukaa na meno mabovu mwaka mzima, lakini kipenu atakichagua kwa mwezi. Nev aliingia duka la vifaa vya kambi na daftari mkononi kama mwanafunzi. Kulikuwa na kile cha kawaida kinachovutwa kutoka ubavuni kama pazia na kusimamishwa kwa miguu yake. Na kulikuwa na kile cha mbawa, kinachojifunua chenyewe kama kipepeo anayetoka usingizini, kikafunika ubavu wa gari na nyuma yake yote. Nev alipokiona hicho cha pili kikifunguka alisahau kufunga mdomo.

"Hicho," alisema.

"Upande gani wa gari, kulia au kushoto?" aliuliza dada wa dukani.

"Dada yangu, kushoto! Ukisimama kando ya barabara, kushoto ndiko kwenye majani. Kulia nitakuwa nawakaribisha madereva wa malori chai."

"Na kuta?"

"Zote. Pande zote. Na mlango wa zipu. Na dirisha lenye wavu wa nzi. Na dirisha lingine."

Dada yule akamtazama. "Ni harusi?"

"Ikikaa sawa."

Kuta zilikuwa za kushonwa kwa kipimo, za kusubiri wiki sita. Nev alilisimamisha Landkruza lake kwenye sakafu ya saruji, akapima kutoka keria ya juu hadi chini mara nne, kwa futi kamba mbili tofauti, kisha akamwita jirani naye apime, asije akawa amepofushwa na mapenzi. Zote zikaleta kipimo kimoja. Akakituma.

Kilichomponza ni zile wiki sita. Mtu mwenye furaha akikaa wiki sita bila kazi hutafuta la kuharibu.

Nev alikuwa mwanachama wa klabu ya magari ya mji ule, na mwenyekiti wake, Clive Dunstan, alikuwa na gari refu kiasi kwamba mbwa wake alipandishwa kwa ngazi. Jumamosi moja Clive alilizunguka Landkruza la Nev polepole, mikono nyuma.

"Limekaa kama kuku anayeatamia," alisema.

"Halijawahi kukwama."

"Bado. Ila mwaka huu una abiria. Utampeleka mama wa watu kwenye mchanga na gari la tumbo chini? Fundi wa namna yako, Nev? Mwenye gari kama hili? Likiinuliwa kidogo tu, hakuna wa kulifikia kutoka hapa hadi Adelaide."

Hicho kilikuwa kilemba cha ukoka, na Nev alikivaa akajitazama kwenye kioo. Kabla ya Jumamosi nyingine gari lilikuwa na springi mpya, shokapu mpya, na matairi manne makubwa kama meza za kulia chakula. Lilikuwa limepanda shubiri kasoro kidogo. Nev alilizunguka akicheka peke yake. Kuta zilipofika kwenye boksi, alizipakia keria juu bila kuzifungua, akampigia simu Raelene kumwambia kila kitu kiko tayari. Mtu aliyepima mara nne, kwa shahidi! Amepima gauni, kisha akamrefusha bibi harusi.

Walifika mtoni kabla ya saa sita mchana, kwenye kingo za mchanga chini ya mikaratusi minene. Raelene alishuka kwa kukanyaga kreti la maziwa, maana mlango sasa ulikuwa mbali na ardhi. Nzi wakampokea. Akaanza kupunga mkono mbele ya uso, ile salamu ya kule ambayo haimsalimu mtu yeyote, akakaa kwenye kiti chake cha kukunja akasema, "Haya, bwana. Nionyeshe."

Nev alifungua kamba. Mbawa zikafunguka, taratibu, fahari tupu, kivuli kikamwagika mchangani. Raelene alipiga makofi. Nev akapachika ukuta wa kwanza, wa pili, wa tatu, akavuta zipu ya mlango, akarudi nyuma hatua tano ili aone kazi ya mikono yake.

Kuta zote zilikuwa zinaning'inia hewani. Chini yake mtu angeweza kupitisha kichwa, na nzi, ambao hawahitaji nafasi ya kichwa, walikuwa wanaingia kwa makundi kama watu waendao mnadani.

Raelene alipunga tu mkono, na mkono ule ulizidi kwenda kasi.

"Dakika mbili," Nev alisema.

Alifupisha miguu ya kipenu upande wa nje. Upande wa nje ukagusa ardhi, lakini ubavuni mwa gari pengo likabaki vilevile, nzi wakawa wanapita chini ya tumbo la gari. Akarundika mchanga kuziba. Upepo ukaja ukaupeleka mchanga wote kwenye kikombe cha Raelene. Akapunguza upepo wa matairi yote manne hadi yakatanuka kama miguu ya tembo. Pengo likapungua vidole viwili. Raelene akaitazama chai yake, akaimwaga, akakikung'uta kikombe.

"Nev," alisema kwa upole, na upole ule ulimtisha kuliko kelele. "Kelvin naye alikuwa akisema dakika mbili."

Nev alisimama katikati ya mchanga. Aliona maisha yake yote yaliyobaki: yeye na vipuri vyake. Ndipo akalitazama gari, na akalielewa. Ukitaka cha mvunguni sharti uiname. Gari nalo halikuwa na budi kuinama.

Hapa ni lazima isemwe gari lilikuwa nini kwake. Katika klabu ile, aliyekwama mchangani alipewa beleshi lililopakwa rangi ya waridi, akalifunga mbele ya gari lake mwaka mzima, mjini, kanisani, mbele ya wajukuu. Nev alikuwa na miaka ishirini na miwili bila kuligusa. Jina lake lilikuwa limejengwa juu ya matairi yale. Akakunja mbawa, akatoa beleshi lake mwenyewe, akaanza kuchimba mbele ya kila gurudumu.

"Unachimba kaburi la nani?" Raelene aliuliza.

"La springi zangu."

"Nev, unalizika gari zima?"

"Miguu tu, mpenzi. Wewe niongoze. Nikifika sawa piga kelele."

Alichimba mashimo manne, shati likimganda mgongoni, akaingia ndani akaliwasha gari, akalishusha humo kama mtu anayemlaza mtoto. "Kushoto kidogo!" Raelene alipiga kelele, amesimama juu ya kreti, anapunga mikono miwili sasa, nzi kawasahau. "Kulia! Twende, twende, twende! Hapo! Hapo hapo, usipumue!" Gari likakaa hadi ekseli. Mbawa zikafunguliwa upya, kuta zikapachikwa, na safari hii zililala mchangani vizuri kama shuka kitandani.

Raelene akachukua beseni lake, sabuni na gauni lake la maua, akaingia, akavuta zipu hadi chini. Nev alikaa nje juu ya kreti, nzi ishirini mgongoni, akangoja. Kisha maji yakasikika yakimiminwa, na mama yule akaanza kuimba, kwa sauti kubwa na kwa kukosea maneno. Nev nusura alie.

Hapo ndipo vumbi lilipotokea njiani na magari manne marefu ya klabu yakasimama kwenye ukingo.

Clive aliteremka kwanza. Alitazama Landkruza lililozama hadi ekseli, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Jamani," aliwaambia wenzake kwa sauti ya ibada. "Pascoe amekwama."

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Mmoja alikuwa anapiga picha, mwingine ameketi chini kabisa.

"Sijakwama," Nev alisema. "Nimechimba mwenyewe. Makusudi."

Hiyo iliwamaliza. Clive alilia machozi. Alipopata pumzi alimwendea, akamshika bega, akasema kwa chini, maana hakuwa mtu mbaya, "Sikiliza, mwenzangu. Miaka ishirini na miwili si mchezo. Tunafunga kamba, tunakuvuta sasa hivi, picha zinafutwa, hakuna anayejua. Lakini tukikuacha humu, beleshi ni lako, na sitaweza kukutetea. Mimi ndiye mwenyekiti." Tayari mmoja wao alikuwa amepiga magoti mbele ya Landkruza, anafunga kamba.

Nev alilitazama beleshi la waridi juu ya keria ya Clive. Akaligeukia turubai. Ndani yake wimbo ulikuwa umekatika.

"Clive," alisema, "mkilivuta gari, kuta zinanyanyuka."

"Ni turubai tu, Nev."

"Yuko ndani anavaa. Niletee hilo beleshi."

Hakuna aliyecheka sasa. Clive alikwenda akalileta, akampa kwa mikono miwili kama mtu anayekabidhi kitu cha msiba, na Nev akalipokea.

Zipu ikafunguka. Raelene alitoka amevaa gauni la maua, nywele zimelowa, taulo shingoni, shavu jekundu kwa maji ya moto. Alimtazama Nev aliyejaa mchanga hadi nyusi, amekumbatia lile beleshi. Kisha akamgeukia yule wa mbele ya gari.

"Wewe," alisema. "Fungua kamba yako. Toa mikono kwenye gari la mchumba wangu."

Mtu yule aliifungua haraka hata akajikwaa nayo. Clive alivua kofia, akaivaa tena.

"Na ninyi nyote mnakaribishwa chai," Raelene aliendelea, "lakini mtainywa huko huko nje na nzi wenu. Chumba hiki ni cha watu wawili."

Akaingia, akafunga. Nev alibaki amesimama, beleshi mkononi, midomo ikisema neno moja bila sauti, mchumba, mchumba. Halafu akakimbia, goti bovu na yote, akaishika zipu ile aliyoichagua mwenyewe dukani. Kwa beleshi mkononi zipu ilimshinda, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, mpaka Raelene, akicheka, akamfungulia kutoka ndani.