Vitobo Viwili Gotini

Ujinga huu ni wangu, simsingizii mtu. Nilikuwa dereva wa familia moja Al-Malqa, Riyadh. Mkenya mwenzangu Mwende, mfanyakazi wa ndani, aliteleza kwenye ngazi, kano ya goti ikakatika. Aliporudi kutoka hospitali na magongo, akisema amepasuliwa, nilimwona ana vitobo viwili tu gotini, kama alichomwa na sindano ya gunia. Mimi nilizoea kwamba aliyepasuliwa hujulikana kwa kovu.

Madam, mwajiri wetu, akaniuliza, "Mwenzako mgonjwa kweli?"

Nikajifanya mjuzi. "Hajapasuliwa huyo, madam. Anakwepa kazi."

"Halas, basi yaishe," akasema, akamnyang'anya magongo. Mwende akarudi kupiga deki. Siku ya tatu goti lilimwacha, akaanguka.

Hospitalini daktari alituonyesha kwenye skrini jinsi kamera na vyuma vilivyopitia vitobo vile kuunga kano, ambayo sasa ilikuwa imekatika tena. Akauliza kwa Kiarabu ni nani aliyesema atembee bila magongo. Madam akaninyooshea kidole.

Mwende hakujua Kiarabu. Mkalimani wake nilikuwa mimi.

"Mzee," akaniuliza, "daktari anasemaje?"